Maji Niliyoyameza

Sanduku nililikuta chini ya kitanda cha Nyanya, nyuma ya debe la maharagwe, halina tena kufuli yake, limefungwa kwa kamba ya mkonge iliyokauka hadi ikakataa kufunguka. Ilikuwa wiki moja baada ya kumzika. Ndugu zangu walikuwa wamenituma mimi nitoe vitu nyumbani mwake kwa sababu mimi ndiye niliyelelewa mle, na Nyanya mwenyewe, siku zake za mwisho, alikuwa amesema waziwazi mbele ya watu: sanduku ni la mke mwenzangu. Mke mwenzake ni mimi. Babu alizoea kuniita mke wake mdogo, Nyanya akaniita mke mwenza, na tuliishi hivyo kwa utani huo, mzee mmoja na wake zake wawili, mmoja wao akiwa mtoto wa shule.

Nilikata kamba kwa kisu cha jikoni. Harufu iliyotoka ilikuwa ya karatasi kuukuu, mafuta ya taa na ugoro, na ilipoingia puani nikaketi sakafuni. Nilijua kilichomo. Vitabu vinne vinene vilivyofunikwa kwa kipande cha kanga. Sikuwa nimeviona tangu nikiwa na miaka kumi, na kwa muda wote huo sikuwahi kuvitafuta. Mtu hatafuti kitu anachoamini kwamba kilimfanya aue.

Nyumba yetu ilikuwa Werugha, huko juu ambako kabeji hukua bila kubembelezwa na nguo huchukua siku tatu kukauka. Baba alifanya kazi Mombasa, mama alikuwa naye, nami niliachwa kwa wazee nichote maji, nichanje kuni na kuwachangamsha. Babu alikuwa mwalimu aliyestaafu, mrefu, mwenye miwani mizito na sauti ya kusomea Injili. Kila alasiri ukungu ulipoanza kupanda kutoka bondeni na kuyafunika matuta ya shamba moja baada ya jingine, alitoa ufunguo wa sanduku mfukoni akanipa. "Mke wangu, lete Sumbwera." Nami nilileta kitabu kwa mikono miwili, polepole, nisije nikajikwaa nacho.

Sumbwera ilikuwa nchi ya mle vitabuni. Ilikuwa na milima saba. Chini ya milima alilala joka Ng'undu aliyemeza mito, na juu yake alitawala Mfalme Asiye na Kivuli, ambaye hata jua likimwangaza mgongoni huoni kitu mbele yake isipokuwa nyasi. Hadithi ilianza na mji mkuu ukiungua. Watu wote walikimbia na dhahabu zao, na mbuzi wao, na wazee wao mgongoni. Mtoto mmoja tu, msichana aliyeitwa Mkesi, alikumbuka kwamba moto wa jiko la kwanza la Sumbwera ukizimika, nchi nzima itaingia gizani. Basi alichukua kaa moja la moto, akalitia katika chungu, akalifunika kwa majivu, akaanza kupanda mlima.

Mkesi alikuwa na pengo mbele, kama mimi. Aliogopa ng'ombe, kama mimi. Alipodanganya alijikuna kisogo, na mimi nilipodanganya nilijikuna kisogo, ndiyo maana sikufaulu kumdanganya mtu yeyote nyumbani kwetu. Niliona ajabu sana kwamba mtu aliyeandika kitabu mbali huko, kabla sijazaliwa, alijua watoto wa namna yangu wapo. Nilitembea nimeinua kichwa kwa ajili yake. Ng'ombe wa Babu, ambaye kila asubuhi alinitikisia pembe, nilimpita nikijiambia kimoyomoyo kwamba hapa anapita Mkesi.

Kuvifungua vitabu peke yangu nilikatazwa. "Kitabu cha watu wawili hakisomwi na mmoja," Babu alisema, na ufunguo ukarudi mfukoni. Sikuona ubaya. Kuna mengi niliyoyaona siku zile nisiyatie maanani. Babu aligeuza kurasa mara chache mno kwa hadithi ndefu namna ile. Siku moja alikuwa amekishika kitabu kichwa chini miguu juu, naye anasoma tu bila kukwama, nami nikacheka nikidhani ni madaha ya walimu. Alikunywa maji kata baada ya kata na bado akalalamika kiu. Nyanya alimtazama akinywa, kisha akatazama chini, na uso wake wakati huo sikuupenda.

Hadithi ilikuwa imefika mahali pabaya. Mkesi alikuwa ameingia katika ukungu wa mlima wa saba, mlima wa mwisho. Chungu kilikuwa kimeanza kupoa mikononi mwake. Nyuma yake kulikuwa na kitu kinachopumua, akisimama kinasimama, akienda kinakwenda. Babu alifunga kitabu hapo, nikamlilia, akasema kesho. Na kesho yake ndipo redio ikatangaza kwamba vitabu vya Sumbwera vimetengenezewa mchezo, na mchezo huo utaonyeshwa kwenye televisheni kila Jumapili jioni.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka televisheni ilikuwa nini siku hizo. Werugha nzima sikumjua mwenye nayo. Lakini Baba Mdogo, mdogo wake baba, alikuwa karani wa reli kule Voi, na nyumba za reli zilikuwa na umeme, na yeye alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya. Nilimsihi Babu siku nne. Siku ya tano akakubali, na Nyanya akaweka mwiko wa ugali chini kwa kishindo.

"Utakwenda kuona nini, wewe?" alimwuliza.

"Nimemsomea huyu Sumbwera miaka miwili. Leo niache akaione na watu wengine?"

"Nimekuuliza, utakwenda kuona nini?"

Nilidhani Nyanya anamdharau kwa sababu yeye mwenyewe hajui kusoma, nikamkasirikia kidogo kwa niaba ya Babu. Asubuhi ya safari alinivuta nyuma ya jiko akanishika kidevu kwa vidole vyenye majivu. "Mke mwenzangu, usimwache mzee. Hata kidogo. Hata akikwambia nenda, usiende. Umenisikia?" Nikasema nimesikia.

Tuliteremka na basi la asubuhi, Wundanyi, Mwatate, joto likizidi kila kona hadi sweta ikawa adhabu. Babu aliweka mkono begani kwangu tulipotoka mlangoni, na mkono ule haukutoka pale hadi Voi. Nilifikiri ananilinda nisipotee. Nilijivuna jinsi gani! Tulipokuwa tukivuka njia ya reli, injini moja ikipumua pembeni, vidole vyake vilinibana hadi nikasikia mfupa, nami nikamwambia, "Usiogope Babu, imesimama." Vumbi lilikuwa jekundu hadi kwenye majani ya miti. Sikuipenda Voi. Niliona kama mji ulioungua kitambo na watu wakakataa kuondoka.

Kufikia jioni sebule ya Baba Mdogo ilijaa majirani, wanaume wa reli na wake zao kwenye viti, watoto sakafuni. Televisheni ilikuwa imewashwa mapema ipate joto, na vumbi lililokuwa juu yake lilianza kuungua taratibu. Harufu ile hadi leo nikiisikia kwenye kitu chochote cha umeme, hukizima. Kijana mmoja alikuwa nje akizungusha mlingoti wa eriali, na Baba Mdogo amesimama dirishani akimpigia kelele.

"Geuza! Geuza kidogo! Hapo hapo! Aa, umepitisha, rudisha! Na wewe mtoto, ondoa kichwa hapo, wewe si kioo."

Chenga zikapungua, Sumbwera ikatokea.

Mji mkuu ulikuwa shuka iliyochorwa nyumba, na upepo ulipopita mji wote ukatikisika. Ng'undu, mmeza mito, alikuwa magunia ya mkonge yaliyoshonwa pamoja, na chini ya tumbo lake ilionekana miguu ya mtu mwenye viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi vizuri. Mfalme Asiye na Kivuli alikuwa na vivuli viwili, kimoja kila upande, na saa ya mkononi. Watu wa reli walicheka hadi wakashikana. "Huyu joka anaenda ofisi, bana!" alisema mmoja, na vicheko vikaanza upya. Nilihisi uso ukiwaka. Hata hivyo nilivumilia, kwa sababu nilikuwa nangoja moto. Shuka ikianza kuungua, nilijiambia, Mkesi atatokea na chungu chake, na hapo hakuna atakayecheka.

Shuka ikaungua, au tuseme wakaifukizia moshi. Watu wakakimbia huku na huku. Akatokea shujaa mmoja mwenye kitambi, upanga mkononi, akaapa kulipiza kisasi, akapanda farasi kwa shida. Kisha ikapigwa ngoma, yakaanza kupanda majina ya waliocheza. Nilitazama majina yale hadi la mwisho. Mkesi hakuwamo.

Nilimgeukia Babu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha heshima karibu na televisheni, kichwa amekiinamisha upande inakotokea sauti, macho kwenye ukuta mtupu, na anatabasamu. Alikuwa ametabasamu muda wote. Joka lilipolia alipiga makofi, nilimwona. Nilimtikisa goti.

"Babu, Mkesi hayumo! Wamemwacha Mkesi!"

Akacheka. Si kicheko kidogo. Alicheka kama mtu aliyeshinda mchezo wa bao, akajipiga paja. "Mkesi? Hao watamjulia wapi Mkesi!"

Na kwa kuwa mzee amecheka, sebule nzima ikacheka, wakanitazama mimi mtoto wa milimani ninayelilia mtu asiyekuwamo. Nimekasirika mara nyingi maishani, nimeolewa na nimeachika, lakini hasira kama ile sijapata kuiona tena. Ilikuwa baridi. Ilinipanda kutoka miguuni. Huyu ndiye aliyenifundisha Sumbwera, nikawaza, na sasa anaipigia makofi takataka hii na kumcheka Mkesi mbele ya watu. Nikasema moyoni, kwa Kidawida, lugha tunayoitumia kwa mambo mazito: basi na ufe, ufe na televisheni yako.

Babu alisimama. "Twende ukanawe uso, mke wangu," akasema, na mkono wake ukaja kutafuta bega langu. Niliuona ukija. Ulipita hewani, ukapapasa, ukarudi. Nikainama nikauhepa, nikatoka kwa mlango wa nyuma mbio.

Nje ya mlango ule kulikuwa na ngazi mbili za saruji, na chini ya ngazi Baba Mdogo alikuwa amerundika mabati makuukuu na mbao za banda alilolibomoa, misumari ikiwa bado imo. Mimi niliruka rundo lile bila kufikiri. Nilikuwa nimefika kwenye mfereji nilipomsikia Babu akija nyuma yangu. Nilisikia mbao zikilia. Sikusikia akilia yeye. Alinifikia kando ya mfereji akiwa bado na tabasamu, ndara moja mguuni na nyingine hakuna, akasema, "Umeniacha, eh? Umemwacha mume wako kwenye nchi ya watu."

Tulirudi ndani, mimi mbele, yeye nyuma ameshika ukuta. Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Nilipogeuka niliona wanachokitazama: kwenye sakafu ya saruji, kutoka mlangoni hadi kitini, palikuwa na alama za unyayo, nyekundu, za mguu mmoja tu.

"Baba, umekanyaga nini?" Baba Mdogo aliuliza.

"Mimi? Sijakanyaga kitu."

Alisema kweli, kwa kadiri alivyojua. Msumari ulikuwa umeingia hadi ndani, na hakuusikia. Mama Mdogo, mkewe Baba Mdogo, alipouinua mguu ule na kuuweka kwenye beseni, Babu alikuwa akimwuliza kama kuna chai. Nilisimama karibu na televisheni, mtu mmoja akisoma habari ambazo hakuna aliyezisikiliza, na kwa mara ya kwanza nikaanza kuogopa. Nilikuwa nimemwambia afe, na damu ilikuwa imeanza kutoka.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu aliyekataa kusikia alikuwa mtoto, na guu likawa la mkuu.

Nyanya alitupokea mlangoni. Alifungua kitambaa, akatazama, akakifunga tena, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Ningeshukuru angeniuliza. Alimwekea majani, alimpeleka zahanati, na huko wakasema ni sukari, wakaeleza mambo ya damu ambayo kwangu yalikuwa maneno matupu. Sukari mimi niliijua, ilikuwa kwenye kopo. Mtu hafi kwa sukari. Mtu hufa kwa sababu kuna anayetaka afe.

Wiki zikapita, kidonda hakikupona. Kidole kikawa cheusi, kisha cha pili. Hospitalini walitaka kuukata mguu, Babu akasema ataondoka duniani na miguu miwili kama alivyokuja. Harufu ilianza ikiwa nyepesi, kiasi cha kudhania kuna panya amefia darini. Baadaye haikuwezekana kudhania. Ukungu ulipopanda alasiri, Nyanya alifunga madirisha, na harufu ikabaki nasi ndani. Nililala nikihesabu: akifa leo ni mimi, akifa kesho ni mimi. Na hasira yenyewe, Mungu anisamehe, ilikuwa bado imo. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja. Mtoto anaweza.

Alasiri moja aliniita. Hakutoa ufunguo, alikuwa amelala, uso umeelekezwa darini.

"Mke wangu. Leo hebu nisomee wewe."

Nililitazama sanduku.

"Mimi nimechoka. Nisomee pale Mkesi anapofika. Anafika na kaa lake, au linazimika njiani? Nataka kulisikia kutoka kwako."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kukaa. Ningeweza kuchukua ufunguo, kufungua sanduku, kushika kitabu. Badala yake nikasema, "Kaulize televisheni yako."

Babu aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, "Haya, mama." Hakuwahi kuniita hivyo. Kila siku nilikuwa mke wake, siku hiyo nikawa mtoto wa mtu tu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wasio Wadawida hawalijui vizuri. Kwetu, wazee waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni haikai bure. Mtu akiugua na dawa zikashindwa, huulizwa: nani ana kinyongo? Kila mmoja wa nyumba huchukua funda la maji, au maji ya muwa, hulizungusha mdomoni, halafu hulipuliza nje na kusema wazi, kama nina hasira na huyu, itoke, apone. Huko ndiko kutasa. Si lazima ujue kwamba una hasira. Unapuliza tu, na kama ipo inatoka na maji. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, mstari wa pili kila Jumapili, na mchungaji alikwisha kuhubiri juu ya mambo hayo. Lakini Nyanya alikuwa na mume mmoja tu.

Ilikuwa asubuhi. Baba Mdogo alipanda kutoka Voi, shangazi yangu akaja, mlango ukafungwa. Tulisimama kuzunguka kitanda. Nyanya alikuwa na kata ya maji. Baba Mdogo alianza, amevaa tai yake ya kazi, ameona aibu. Alichukua funda, akapuliza sakafuni, akasema, "Kama nina hasira na baba kwa vile alinikataza nisioe yule msichana wa Taveta, itoke. Baba apone." Shangazi akasema yake. Nyanya akapuliza kwa nguvu kuliko wote, akasema, "Kama nina hasira kwa sababu nilimkataza Voi na hakunisikia, itoke, mume wangu apone." Babu alikuwa akitabasamu kidogo, kama mwalimu anayesikiliza darasa.

Kata ikanifikia.

Maji yalikuwa baridi hadi meno yakauma. Mashavu yangu yalijaa. Nilijua ninachotakiwa kusema: kwamba kule Voi nilimwambia afe, kwamba aliponyoosha mkono niliuhepa, kwamba mguu ule ni kazi yangu. Ningeyasema mbele ya Baba Mdogo mwenye tai, mbele ya shangazi aliyelia tangu alfajiri. Nikafikiri watanifukuza. Nikafikiri watampelekea baba habari Mombasa. Babu aligeuza uso kuelekea kwangu, akangoja, na uso wake ulikuwa na subira ile ile ya alasiri za Sumbwera.

Nikameza.

"Mimi sina kitu," nikasema. Na mkono wangu ukapanda wenyewe ukakuna kisogo.

Babu hakuona. Nyanya aliona. Aliliona koo langu likipanda na kushuka, akauona mkono, na akaichukua kata kutoka kwangu polepole akayamwaga yaliyobaki mlangoni. Hakuwahi kulitaja jambo hilo hadi kaburini kwake. Tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo, alinisomesha, alinichezea harusi, na hakulitaja. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko kiboko, ingawa sasa nafikiri alikusudia iwe huruma.

Babu alikufa siku tatu baadaye, alasiri, ukungu ukiwa mlangoni.

Kabla ya mazishi niliiona miwani yake juu ya kasha, nikauliza kama atazikwa nayo au nimhifadhie. Nyanya alikuwa akikunja blanketi. "Hifadhi ya nini?" akasema. "Macho ya mzee yalikwisha tangu mvua za mwaka juzi. Alikuwa haoni hata mkono wake. Alinikataza nikwambie. Alisema ukijua hutamletea kitabu tena."

Nilikwenda nje nikatapika nyuma ya zizi. Mkono begani. Njia ya reli. Uso ulioelekea ukutani. Nilikuwa nimemkimbia kipofu kwenye ngazi asizozijua, na nilikuwa nimemkasirikia kwa kupenda joka ambalo hakuwahi kuliona. Yeye alisikia sauti tu, na kwa sauti ile aliiona Sumbwera yake mwenyewe, nzima, yenye milima saba. Ng'ombe alinitazama nikitapika. Sikumwogopa tena, sijui kwa nini.

Nimekua. Najua sukari ni nini, najua inavyoua macho na miguu, na daktari yeyote ataniambia kwamba hata bila msumari wa Voi Babu hakuwa na miaka mingi. Nimejiambia hayo mara elfu. Ila maji yale niliyameza, na mtu aliyemeza hawezi kuambiwa na daktari kwamba hakumeza.

Basi mwezi huu, nikiwa peke yangu katika nyumba ya Nyanya, nilivisoma vitabu vyote vinne. Ilinichukua siku tatu. Nilikuwa namtafuta Mkesi. Nilitaka kujua kama alifika, nikamwambie Babu, hata kama ni kwa kuchelewa. Hadithi inaanza na mji mkuu ukiungua, na watu wanakimbia na dhahabu zao. Kisha anatokea shujaa, upanga mkononi, anaapa kulipiza kisasi, anapanda farasi. Nikageuza ukurasa, nikarudi, nikasoma tena kwa kidole. Nikaendelea kitabu cha pili. Cha tatu na cha nne kurasa zake zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani, hakuna aliyewahi kuzikata, nikazikata mimi kwa kisu kile kile cha jikoni. Hadi neno la mwisho. Hakuna msichana. Hakuna chungu wala kaa la moto, wala mtoto yeyote mwenye pengo anayeogopa ng'ombe. Na vitabu vyenyewe, niseme ukweli, ni vibaya. Ile televisheni ilikuwa imevifuata neno kwa neno.

Hao watamjulia wapi Mkesi! Sasa nakisikia kicheko kile kama kilivyokuwa. Alikuwa mzee aliyefurahi kwamba siri yake iko salama, kwamba mtoto wake na wangu hakuna aliyemwiba. Na aliponiambia nisomee wewe, alijua kwamba hakuna ukurasa wa kusoma. Alikuwa akinikabidhi chungu.

Jana alasiri nilichota maji kwa kata ya Nyanya nikateremka makaburini, chini ya matuta ya kabeji. Lake limeota nyasi, la Nyanya bado ni udongo mbichi. Ukungu ulikuwa umefika kwenye miguu yangu. Nilijaza mdomo. Nilikaa nayo muda mrefu, mtu mzima na mashavu yake, naogopa kwamba koo litanisaliti mara ya pili. Halafu nikapuliza.

Nikamwambia yote, Voi na ngazi na mkono niliouhepa. Nilipomaliza, nikapiga magoti upande wa kichwani kwake, mahali ambapo sikio lingekuwa.

"Babu," nikasema, "Mkesi amefika. Kaa halijazimika. Ila amechelewa nalo."